Amefikaje Hapa? Mhadhara Kuhusu Viumbe wa Kutisha na Mahali Pao Katika Michezo ya Njozi



Katika miaka ya 1970 kijana mmoja Mmarekani, Tracy Hickman, alikuwa mezani na wenzake wakicheza Dungeons & Dragons. Mashujaa wao walikuwa chini ya ardhi, katika mahandaki ya namna iliyozoeleka katika mchezo ule: unafungua mlango, unakuta kiumbe, unapigana naye, unachukua mali, unaendea mlango unaofuata. Nyuma ya mlango mmoja wakamkuta mnyonya damu. Hapakuwa na kitu chochote katika mahandaki yale kilichomhusu. Viumbe wa vyumba vya jirani hawakuwa na habari naye, wala yeye hakuwa na shughuli nao. Hickman amesimulia kwamba alijiuliza: huyu anafanya nini hapa? Aliporudi nyumbani alimweleza mkewe, Laura, na wote wawili wakakubaliana kwamba kiumbe wa aina hiyo anastahili makao yake, ukoo wake na sababu ya kuwa alivyo.

Wakamjengea kasri. Wakampa jina, Strahd von Zarovich, na bonde la Barovia lililozingirwa na ukungu ambao hakuna anayeuvuka bila ridhaa yake. Wakampa mdogo wake, Sergei, na msichana Tatyana aliyekuwa mchumba wa Sergei. Strahd alimtaka Tatyana, akamuua ndugu yake siku ya harusi, na msichana akajitupa kutoka kuta za kasri. Kila ovu linalokutwa katika bonde lile lina mzizi wake katika siku hiyo moja. Kampuni ya TSR ilikichapa kisa hicho mwaka 1983 kwa jina Ravenloft. Mwaka 2016 Wizards of the Coast, kampuni iliyorithi mchezo, ikakitoa upya kwa upana katika kitabu Curse of Strahd. Zaidi ya miaka thelathini imepita kati ya vitabu hivyo viwili, na bado watu wanaingia Barovia. Yule mnyonya damu wa mahandakini tunamkumbuka kwa jambo moja tu, kwamba alizaa swali.

Swali hilo ndilo mada yangu. Kwa wasioujua mchezo wenyewe, nieleze kwa ufupi. Watu wanne au watano hukaa mezani. Mmoja ni msimulizi: yeye ndiye aujuaye ulimwengu wa hadithi, anaueleza, na anawasemea wote waliomo isipokuwa mashujaa. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake. Msimulizi anasema wanachokiona, wachezaji wanasema wanachokifanya, na pale ambapo matokeo hayana uhakika dadu hutupwa. Si lazima kuwepo ubao wala picha. Ulimwengu mzima unashikiliwa na maneno, pamoja na kumbukumbu za waliokaa pale.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Mchezaji akiambiwa kwamba kwenye tope kuna alama za kwato, hana tope la kuinamia akalikagua. Ana neno la msimulizi, basi. Neno hilo likiwa la kuaminika, ataanza kufikiri: mnyama wa kwato hakai pangoni bila majani, kwa hiyo ama ameletwa na mtu au huyu si mnyama, tuwashe taa au tuzime? Likiwa neno la ovyo, ikiwa jana alama za kwato zilimaanisha nyoka na juzi hazikumaanisha chochote, akili ya mchezaji haina kazi tena. Atatupa dadu na kungoja aambiwe kama amekufa. Ndiyo maana nashikilia kwamba uthabiti wa masimulizi ni haki ya mchezaji. Wako wanaouona kama kazi ya watunza kumbukumbu, watu wanaogombana juu ya mwaka aliozaliwa mfalme fulani wa kubuni, na mimi nawaheshimu watu hao kuliko wengi wanavyowaheshimu. Lakini faida yake kubwa iko mezani, wakati mtu anapopaswa kuamua aende kushoto au kulia.

Na kiumbe aliyewekwa mahali pasipotarajiwa? Huyo ni habari kubwa kuliko zote. Papa akionekana mtoni, mbali na bahari, yeyote anayejua papa wengi huishi wapi atashtuka na kuanza kutafuta sababu. Asiyejua hatashtuka. Ajabu husomeka tu katika ulimwengu ambao kwa kawaida vitu vina mahali pake.

Mchezo wenyewe ulianza vipi katika hili? Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, nakala 1,000, kutoka Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin. Katika vitabu vyake vitatu vidogo mlikuwa na majedwali ya kuwapata viumbe kwa dadu: msimulizi anaangalia mashujaa wameshuka ngazi ya ngapi chini ya ardhi, anatupa dadu, na jedwali linamtajia watakayekutana naye. Wengi huyalaumu majedwali hayo kwamba ndiyo chanzo cha fujo zote. Mimi naona yalibeba sheria moja nzuri sana, kwamba kadiri unavyoshuka ndivyo hatari inavyokua. Sheria hiyo ilijulikana na kila aliyekaa mezani. Mchezaji aliyesimama juu ya ngazi za mawe zinazoelekea gizani alijua anachokinunua na bei yake. Huo tayari ni uthabiti, hata kama hapakuwa na hadithi yoyote iliyoandikwa.

Upungufu wa jedwali ni kwamba halijui nani yuko chumba cha jirani. Linaweza kuleta vikosi viwili vya maadui wa jadi wakalala ukuta kwa ukuta, au joka kubwa katika chumba ambacho mlango wake unapitisha mtu mmoja kwa ubavu. Joka hilo liliingiaje? Linakula nini? Likitaka kutoka je?

Sasa tazameni Hickman na mkewe walivyoitumia bahati nasibu hiyo hiyo kwa namna nyingine. Katika Ravenloft mahali atakapokutwa Strahd ndani ya kasri hapakuandikwa. Panaamuliwa kwa karata. Silaha inayoweza kumdhuru iko wapi, hilo nalo linaamuliwa kwa karata, na hata lengo la Strahd mwenyewe katika mchezo ule. Ila karata hizo hazichanganywi na msimulizi peke yake mafichoni. Anazichanganya mpiga ramli, Madam Eva, mbele ya mashujaa, nao wanaambiwa kwa mafumbo kilichotoka. Kwa hiyo kiumbe amewekwa kwa bahati, kama ambavyo jedwali lingefanya, lakini wachezaji wameingia kasrini wakiwa na kitu cha kufikiria. Wakimkuta katika kanisa dogo la kasri wanasema, kumbe ndilo alilolisema yule mama! Kwangu mimi hiyo ni moja ya hila bora zilizowahi kubuniwa katika michezo hii, na nashangaa kwamba imeigwa mara chache mno.

Viumbe wengine waliingia mchezoni bila hekaya yoyote. Katika siku zile za mwanzo Gygax alipata pakiti ya wanasesere wa plastiki wa bei rahisi waliotengenezwa Hong Kong, maumbo ya ajabu yasiyofanana na mnyama yeyote, akawaweka mezani. Kutokana nao wakapatikana dubu mwenye kichwa cha bundi, yule mdudu mkubwa anayegeuza chuma kuwa kutu, na bulette, jitu la magamba linalopasua ardhi kutoka chini. Bulette alichapwa katika toleo la kwanza la jarida la The Dragon, mwaka 1976. Mwanasesere amekuja kwanza, hekaya ikafuata. Sioni ubaya wowote katika njia hiyo. Hadithi nyingi duniani zimeanza na kitu kilichookotwa. Kinachonisumbua ni jibu lililotolewa wachezaji walipouliza dubu-bundi ametoka wapi. Waliambiwa ni kazi ya mchawi mwendawazimu aliyechanganya viumbe. Bulette naye akapewa mchawi.

Mchawi huyo anafaa kujibu kila swali, na kwa sababu hiyo hajibu hata moja. Ukimjua, hujui chochote kuhusu chumba kinachofuata. Mlinganisheni na yule mdudu wa kutu. Huyu alipewa chakula chake, chuma, na kutoka hapo msimulizi makini hupata kila kitu bure: milango imelala chini kwa sababu bawaba zimeliwa, mikuki imebaki mipini mitupu, na mifupa ya askari imelala bila deraya ingawa hakuna mwizi aliyepita. Mchezaji anayeyaona hayo ana nafasi ya kuvua upanga wake na kuuacha nje. Amepewa nafasi ya kuwa mwerevu.

Gygax mwenyewe alilielewa hili kuliko wakosoaji wake wanavyokubali. Kitabu chake cha viumbe cha mwaka 1977, Monster Manual, kinaeleza kwa karibu kila kiumbe hupatikana kwa wingi gani, ni mara ngapi katika mia atakutwa kwenye makao yake, na hukusanya mali ya namna gani. Ukiwakuta orki, idadi yao ni kati ya 30 na 300, wana viongozi wao, na kwenye makao yao mna wanawake na watoto. Mtu aliyeshika kitabu hicho analazimika kufikiri kuhusu maji, chakula na kuni. Mwaka 1983, katika toleo la 72 la jarida lile lile, sasa likiitwa Dragon, ukaanza mfululizo wa makala juu ya maisha ya viumbe hao. Ya kwanza ilimhusu kiumbe anayejifanya jiwe lining'inialo kwenye dari la pango na kuwaangukia wapitao. Makala hizo zilisomwa kwa hamu miaka mingi, ishara kwamba wachezaji walikuwa na njaa ya sababu.

Nataka kukaa kidogo na kitabu kimoja ambacho hutajwa kama mfano wa upangaji mbovu: The Keep on the Borderlands, cha Gygax, cha mwaka 1979. Wengi waliojifunza mchezo miaka ile walianzia hapo, kwa kuwa kilikuja ndani ya sanduku la wanaoanza. Kuna ngome mpakani mwa nchi ya watu, na mwendo mfupi kutoka hapo kuna korongo lenye mapango yaliyopewa herufi A hadi K. Ndani ya korongo hilo moja wanaishi koboldi, makundi mawili ya orki, goblini, zimwi, hobgoblini, dubu-bundi, bugbear, mtu mwenye kichwa cha fahali, gnoli wenye sura ya fisi, na mwisho kabisa hekalu la makuhani waovu. Wote wanatazamana milango. Lawama inajulikana: nani anawalisha? Kwa nini hawajamalizana?

Lawama hiyo ina haki, ila anayeisema mara nyingi hajakisoma kitabu kwa utulivu. Zimwi la pango E lina mkataba na majirani zake. Walinzi wa goblini wakizidiwa wanalirushia mfuko wa sarafu 250 za dhahabu kupitia mlango wa siri, nalo linaingia vitani upande wao. Fikirini hilo lina maana gani kwa mchezaji. Zimwi linalolipwa ni zimwi lenye bei, na mwenye bei huweza kununuliwa na mwingine. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hapa goblini wamelijua zimwi lao, na mchezaji akishajua kwamba wamelijua, amepata njia ambayo upanga haukumpa. Pango G, makao ya dubu-bundi na ute unaoyeyusha, linanuka, na wakazi wengine wa korongo wanalikwepa. Kwa hiyo upweke wa pango lile ni dalili yenyewe. Na kwenye hekalu, katika seli, amefungwa Medusa kwa minyororo. Huyu ndiye kiumbe aliyewekwa mahali pa ajabu kuliko wote, wa kuogopwa akiwa mfungwa. Anaomba afunguliwe na kuahidi kumrudishia uhai aliyegeuka jiwe. Nani aliyeweza kumfunga mwanamke ambaye kumtazama ni kufa? Minyororo ile inamwambia mchezaji makuhani wa hekalu wana nguvu kiasi gani, kabla hajamwona hata mmoja wao.

Kinachopungua katika korongo lile, na hapa nakubaliana na walalamikaji, ni wakati. Makundi yale yanaonekana yamekuwepo siku zote bila jana. Mwaka huo huo wa 1979 Jennell Jaquays aliandika The Caverns of Thracia, na yeye akaiona jana hiyo. Mapango yake yana tabaka za historia: watu wa asili ya mijusi wa kale, kisha binadamu wa Thracia na ibada yao ya mauti, kisha viumbe nusu mnyama walioshika magofu. Anayeshuka anapita katika enzi. Ukikuta mjusi mwenye akili chini kabisa, hushangai kwa nini yuko huko. Unashangaa kwamba bado yuko. Jaquays alifariki Januari 2024, na kwa maoni yangu hakuna aliyemzidi katika kazi hii ya kupanga nani akae wapi.

Tuje kwenye gemu za kompyuta, maana wengi wenu humu mnazijua hizo kuliko meza na dadu. Huko tatizo limekuwa kali zaidi, kwa kuwa hakuna msimulizi wa kuulizwa. Chukueni mfululizo wa The Elder Scrolls wa Bethesda. Katika Oblivion ya mwaka 2006, maadui wanaimarika kadiri shujaa wako anavyoimarika, ili pambano lisiwe jepesi kamwe. Matokeo yake ni kwamba ukishafika mbali katika gemu, jambazi wa njiani anakuzuia akiwa amevaa deraya za kioo, vazi ambalo thamani yake ni maelfu ya sarafu, na anachokudai ni sarafu 100. Auze vazi lake basi, aache ujambazi! Hapo ulimwengu umesema jambo moja kuhusu umaskini wa majambazi na hesabu za gemu zimesema jingine. Mchezaji hujifunza haraka kwamba mavazi ya mtu hayana maana yoyote, na kwa kujifunza hivyo anaacha kutazama. Hasara hiyo ya kuacha kutazama ndiyo ninayoihuzunikia.

Skyrim ya mwaka 2011 ilirekebisha mengi, na humo mna mfano mmoja ambao ningeufundisha darasani. Chini ya milima kuna magofu ya Dwemer, taifa la mafundi lililotoweka zamani, na mashine zao bado zinalinda korido tupu. Katikati ya magofu hayo unakuta Falmer, viumbe vipofu wanaolala katika vibanda vya magamba ya wadudu. Kwa nini wanaishi kwenye nyumba za mafundi watu wasiojua hata moto wa tanuri? Jibu halisemwi mara moja. Unaona kwanza kwamba mashine na Falmer wanapigana, kwa hiyo hawakuwa familia moja. Kisha katika vitabu na mazungumzo unajua kwamba Falmer walikuwa taifa la maelfi wa theluji, wakakimbilia kwa Dwemer walipofukuzwa na binadamu, na wenyeji wao wakawalisha kuvu yenye sumu iliyowapofusha na kuwatia utumwani. Mwaka uliofuata, katika nyongeza iitwayo Dawnguard, unakutana na elfi wa theluji aliyebaki na macho yake na utu wake, Gelebor. Ukirudi kwenye yale magofu baada ya kuzungumza naye, vile vibanda hutavitazama kama mwanzo. Watumwa wamebaki katika nyumba ya bwana aliyekwisha kuondoka.

Gemu hiyo hiyo ina mfano wa upande mwingine. Katika pango kuu la Blackreach, chini sana ya ardhi, linaning'inia tufe kubwa la mwanga wa rangi ya chungwa juu ya mji wa Dwemer. Ukilipiga kwa ukelele wa nguvu, ule wa lugha ya majoka, linatokea joka, jina lake Vulthuryol. Joka chini ya ardhi, lisilo na anga! Wachezaji wamebishana miaka kuhusu huyu. Mimi namwona kama kazi iliyofanywa nusu. Nusu iliyofanywa ni nzuri sana: gemu imekufundisha tangu mwanzo kwamba ukelele ni kauli ya majoka, kwa hiyo kuita kwa lugha hiyo na kujibiwa na joka kuna mantiki. Nusu iliyobaki ni Dwemer wenyewe. Hatuonyeshwi mnyororo, wala maandishi, wala chumba kilichojengwa kwa ukubwa wake. Kitu kimoja tu cha aina hiyo kingetosha kumgeuza kutoka mshangao kuwa ugunduzi.

Na makaburi ya wafu wanaotembea, kwenye gemu hiyo hiyo? Ndani yake unaokota sarafu za Septim kutoka kwa watu waliozikwa maelfu ya miaka kabla ya ufalme wa Septim kuwepo. Hilo ni kosa tupu, dogo, na silifanyii kelele. Mishumaa inayowaka humo imebahatika zaidi: kuna kitabu ndani ya gemu kinachoeleza kwamba wafu wale huamka kwa zamu, wakamsujudia kuhani wao na kusafisha mahali pake. Aliyekisoma anaweza kujijibu nani anawasha.

Bethesda wamewahi hata kueleza kutokuwepo kwa kiumbe. Katika Morrowind ya mwaka 2002 kisiwa cha Vvardenfell kilijaa cliff racer, wanyama warukao ambao hawakumpa msafiri nafasi ya kupumua, na wachezaji walilalamika sana. Miaka minne baadaye, katika Oblivion, wenyeji wanasikika wakisimulia kwamba mtu aitwaye Jiub amewafukuza wote kisiwani na amefanywa mtakatifu. Jiub ndiye mfungwa mwenzako anayekusemesha kwanza Morrowind inapoanza, ukiwa bado ndani ya meli. Kero ya wachezaji ikageuzwa tukio la historia, na mfungwa asiye na maana akapata maisha.

Najua pingamizi linalokuja. Je, kila kitu kielezwe? Siri haina nafasi? Ina nafasi kubwa, na mtu aliyeionyesha vizuri ni Tolkien. Katika juzuu ya kwanza ya The Lord of the Rings, ya mwaka 1954, mbele ya lango la magharibi la Moria kuna ziwa jeusi, na ndani yake kuna kitu chenye mikono mingi ya kushika. Tolkien haelezi ni nini. Hata Gandalf, anayejua mengi kuliko wenzake, hajui. Lakini oneni alivyokiweka. Maji yenyewe ni mageni: mto umezibwa, ziwa halikuwepo zamani. Kitu kile kinamshika Frodo kwanza, mwenye Pete, katikati ya wasafiri tisa, na Gandalf analitambua hilo kimoyomoyo. Baadaye, katika kitabu cha kumbukumbu cha vibete walioangamia ndani, inaonekana kwamba kiumbe wa majini alikwisha kumchukua mmoja wao na kuwafungia njia ya kutokea. Hatujui asili yake, ila tunajua alichokifanya kabla hatujafika na tunajua anachokitaka. Siri ya namna hiyo ina kingo. Msomaji anaweza kuizunguka na kuipima ukubwa.

Nimesema mengi ya Ulaya na Marekani, lakini mfano mzuri kuliko yote ninaoujua uko katika Alfu Lela Ulela, ambayo wazee wetu waliisoma kwa Kiswahili. Ni kisa cha Mji wa Shaba. Musa bin Nusayr na wenzake wanatumwa kutafuta vyombo vya shaba ambavyo Nabii Suleiman aliwafungia humo majini waasi. Nyikani wanakuta nguzo ya jiwe jeusi, na ndani ya nguzo amezamishwa ifriti hadi kwapani, mwenye mbawa, hai. Hebu pimeni: kiumbe wa kutisha, mahali pasipo maana yoyote, katikati ya jangwa. Na wasafiri wale wanafanya nini? Wanamwuliza yeye ni nani na amefikaje pale. Naye anajibu kirefu: alitumikia sanamu, akapigana na jeshi la Suleiman, akashindwa, akafungwa hapo. Kwa jibu hilo wasafiri wanathibitisha kwamba vyombo wanavyovitafuta ni vya kweli, na wanauliza njia ya kwenda kwenye bahari vilikotupwa. Adhabu ya mmoja imekuwa ramani ya wengine. Mtunzi wa kisa kile, ambaye hatuna jina lake, aliijua kazi hii karne nyingi kabla ya Lake Geneva.

Dungeons & Dragons waliuchukua mji huo. Jalada la kitabu cha msimulizi cha mwaka 1979 linaonyesha ifriti mbele na Mji wa Shaba nyuma. Wakaufanya makao ya maifriti katika ulimwengu wa moto, ingawa katika kisa cha asili ni mji wa binadamu waliokufa kwa njaa pamoja na dhahabu zao. Majini nao wakagawanywa: wa upepo, wa moto, na kuanzia mwaka 1983 wa udongo na wa maji. Msikilizaji wa Pwani atatikisa kichwa, kwa kuwa kwetu jini ameumbwa kwa moto usio na moshi, na yule akaaye baharini hakuumbwa kwa maji. Sina ugomvi na mgawanyo wao. Wameushikilia kwa zaidi ya miaka arobaini, na mwaka 1992 Jeff Grubb akaujengea nchi nzima ya hadithi, Al-Qadim. Anayecheza humo anajua jini gani aombwe nini. Mtu ana haki ya kuazima, mradi akishaweka sheria aitii.

Kwa vijana wa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar wanaoandika gemu na hadithi za mezani kwa Kiswahili, nina ombi la kikazi. Mnao majini wenye makao yanayojulikana: mbuyu, pango la ufukweni, kisima cha kale. Muhimu kuliko majini wenyewe, mnazo alama zao, kwa sababu watu huacha vitu kwenye mizimu: vitambaa vyeupe na vyekundu, chetezo cha ubani, chupa ya marashi, sarafu. Mchezaji wenu anazisoma alama hizo bila kufundishwa, jambo ambalo mwandishi wa Wisconsin hana. Mkitaka kuvunja kawaida, mkamtoa jini wa bahari mkamweka mteremkoni Kilimanjaro, wekeni. Ila niwekeeni kijiji kwenye njia ya kupandia ambacho duka lake linauza marashi kuliko sukari, na bibi asiyetaka kusema anayanunulia nani. Niwekeeni kijito ambacho maji yake yana chumvi, na makombe ya pwani yamepangwa ukingoni. Kisha mwacheni mchezaji aamue kama anaendelea kupanda au anarudi dukani kuongea na yule bibi.